UZI: Simu na kompyuta zikigoma kwa Bluetooth, tujue kwanza zimekwama wapi (wenye saiba na mafundi wa Mombasa karibuni)

SaibaMajengo (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum wanajukwaa, na hamjambo nyote.

Naendesha saiba ndogo hapa Majengo. Wateja wangu wengi huja na faili ndani ya simu: barua ya kuomba kazi, fomu ya basari, picha ya kitambulisho, karatasi ya eCitizen. Bando limekwisha, kebo hawakubeba, paswadi ya barua pepe hawaikumbuki. Kwao Bluetooth ndiyo njia iliyobaki. Mtu amepanda matatu kutoka Mikindani aje aprinti karatasi mbili, na fomu mwisho wake ni leo. Ikigoma hapo, ni jambo zito.

Nimefungua uzi huu kwa sababu naona wenzangu wengi wana dawa moja kwa kila ugonjwa: futa, oanisha upya, ikikataa mwambie mwenyewe kadi ya Bluetooth imekufa umuuzie nyingine. Rai yangu ni kwamba kabla hujagusa kitu, ujue kazi imekwama wapi. Kuna kuonana, yaani simu yaiona kompyuta kwenye orodha au haioni. Kuna kuoanishwa, pale tarakimu sita zinapotokea pande zote mbili na kila upande ukakubali. Halafu kuna kazi yenyewe: kutuma faili, kupitisha sauti au kugawana intaneti. Kila moja ina sababu zake za kugoma, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Nianze na hiyo ya mwisho kwa kuwa ndiyo inayosumbua zaidi na ndiyo isiyoeleweka.

Kwenye Windows, ukishaoanisha simu, chini ya jina lake utaona imeandikwa kwamba imeoanishwa, wala haisemi imeunganishwa. Watu wakiona hivyo hudhani kuna hitilafu, wanafuta na kuanza tena, na tena. Hakuna hitilafu. Spika au vifaa vya masikioni hubaki vimeunganishwa kwa sababu vinangoja sauti. Kwa faili, muunganisho hufunguka pale faili inapotumwa na kufungwa ikishafika. Simu iliyooanishwa na kutulia iko sawa kabisa.

La pili: Windows haipokei faili ya Bluetooth mpaka uiambie ikae ikingoja. Mteja anatuma, simu yasema imeshindwa, kila mtu anamtazama mwenzake. Fanya hivi. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika fsquirt, kisha Enter. Litafunguka dirisha linalouliza unatuma au unapokea. Chagua kupokea, uliache wazi, ndipo umwambie mteja atume. Faili ikifika utaulizwa iwekwe folda gani. Malizia mpaka kitufe cha mwisho, maana ukilifunga dirisha pale katikati faili haihifadhiwi na mteja itabidi atume upya. Mimi njia ya mkato ya fsquirt nimeiweka juu ya deskitopu kwenye kila mashine, na kijana anayenisaidia huifungua kabla mteja hajamaliza kutoa simu mfukoni.

Ukituma kutoka kompyuta kwenda simu ya Android, ombi hutokea juu ya kioo na lazima mwenye simu alikubali haraka, la sivyo linakatika. Android pia ina orodha ya aina za faili inazozipokea kwa Bluetooth. Picha, sauti, video, PDF na nyaraka za kawaida hupita. Ukituma aina ya ajabu, kama faili ya programu ya kuchora ramani za nyumba, inakataliwa hata kama kila kitu kingine ni kizima. Ifungashe kwenye zipu kwanza, halafu itume.

Sasa kuonana. Simu nyingi za Android huonekana na wengine pale tu ukurasa wa Bluetooth kwenye Mipangilio unapokuwa wazi. Ukiiwasha Bluetooth ukarudi WhatsApp, kompyuta itatafuta mpaka ichoke. Acha ukurasa ule wazi. Upande wa kompyuta, Windows 11 ina mpangilio wa kutafuta vifaa ambao kwa kawaida hauonyeshi kila aina ya kifaa. Shuka chini kwenye ukurasa wa Bluetooth uubadilishe uwe wa kina, ambao wameuita Advanced. Mlemle kwenye mipangilio ya ziada kuna kisanduku cha kuruhusu vifaa vingine viione kompyuta yako, kitie alama. Na hakikisha hali ya ndegeni haikuguswa, kwa sababu kwenye laptopu kadhaa ni kitufe kimoja tu cha kibodi na watoto hukibonyeza.

Kuoanishwa ndiko kwepesi kuliko yote, na ni hapa tu ambapo kufuta na kuanza upya kunasaidia kweli. Vifaa viwili vikioanishwa, vyote viwili huhifadhi ufunguo mmoja wa siri. Ukifuta upande mmoja ukaacha mwingine, funguo hazilingani tena na kila jaribio litakataliwa bila maelezo ya maana. Futa pande zote mbili, zima Bluetooth kote kuwili, washa, anza upya. Tarakimu sita zikitokea, zisome kwenye vioo vyote viwili kabla ya kukubali.

Leteni matatizo yenu. Tafadhali taja aina ya mfumo, na useme imekwama kwenye lipi kati ya hayo.

BintKibokoni

Shukran sana kaka. Yangu haijafika hata huko kwenye kuonana. Laptopu ni ya mtumba, Windows 11. Wi-Fi yafanya kazi vizuri, lakini Bluetooth yenyewe imepotea. Swichi yake haipo kabisa, si kwenye Mipangilio wala pale chini pembeni. Wiki iliyopita ilikuwepo. Fundi mmoja mjini ameniambia kadi imeungua nibadilishe. Mimi nahifadhi picha za kazi zangu za hina, nazitoa simuni kila siku, kwa hivyo nimekwama.

SaibaMajengo

Dada, usitoe pesa bado. Kwenye laptopu nyingi Wi-Fi na Bluetooth zimekaa kwenye kadi moja, lakini zinazungumza na kompyuta kwa njia mbili mbalimbali. Wi-Fi hupita njia ya PCIe, Bluetooth hupita njia ya USB iliyo ndani kwa ndani. Ndiyo maana moja yaweza kupotea na nyingine ikabaki nzima. Na kifaa cha USB kikichanganyikiwa, mara nyingi hakihitaji kubadilishwa, kinahitaji kukatiwa umeme kabisa.

Hapo ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu kuzima laptopu siku hizi si kuzima kamili. Windows huweka sehemu ya mfumo kwenye diski ili asubuhi iwake haraka, na ile hali mbaya hurudi nayo. Zima huku umeshikilia kitufe cha Shift. Ikishazima, chomoa chaji, na kama betri ni ya kutoka itoe. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kwa muda wa nusu dakika, umeme uliobaki ndani uishe. Rudisha chaji, washa.

Ikiwa bado haipo, Windows na R tena, andika devmgmt.msc, litafunguka dirisha la vifaa vyote vya kompyuta. Tafuta kundi la Bluetooth. Likiwa halipo, angalia kwenye vifaa vya USB kama kuna kilichowekwa alama ya manjano chenye msimbo 43. Kiondoe kwa kubofya kitufe cha kulia cha kipanya, halafu anzisha kompyuta upya ili ikitambue tena. Draiva, ile programu inayokiendesha kifaa, itoe kwenye ukurasa wa kampuni iliyotengeneza laptopu yako, kwa jina kamili la modeli. Zile tovuti zinazokuahidi kusasisha draiva zote kwa mpigo mmoja ziepuke kabisa, nimeona mashine zilizoingia takataka za kila namna kwa njia hiyo.

Ikirudi, nenda kwenye sifa za hicho kifaa cha Bluetooth, kwenye kichupo cha umeme, uondoe alama inayoruhusu kompyuta kukizima ili kuokoa nishati. Kama kichupo hicho hakipo kwenye mashine yako, liache.

BintKibokoni

Imerudi! Ile ya Shift na kushikilia kitufe, sikufika hata kwenye devmgmt. Allah akuzidishie kaka. Na hilo la fsquirt nimelijaribu hapohapo, picha zimeingia.

Mlikoni

Salaam. Mimi nina studio ya picha upande wa Likoni, kompyuta ya mezani, Windows 10, Bluetooth ni kile kidude cha kuchomeka nyuma. Kuonana sawa, kuoanishwa sawa, faili yaanza kwenda. Ikifika katikati yapungua kasi, halafu yakatika. Sio kila siku. Kuna siku yaenda vizuri mpaka mwisho. Najiuliza kama ni joto au ni hii hewa ya chumvi.

FundiMwembeTayari

Mzee wa Likoni, hebu nikuulize. Zile siku inazokatika, kuna diski ngumu ya nje iliyochomekwa karibu na hicho kidude?

Mlikoni

Ipo. Ndipo ninapoweka video za harusi. Tundu la buluu, jirani yake.

FundiMwembeTayari

Basi hewa ya chumvi haina kesi hapa. Bluetooth yatumia masafa ya 2.4 GHz, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi ya bendi ya chini. USB 3.0, ambayo mara nyingi tundu lake ndilo hilo la buluu, ikifanya kazi hutoa kelele za redio zinazoangukia palepale kwenye 2.4 GHz. Si dhana yangu, Intel walichapisha waraka wa kiufundi kuhusu jambo hili mwaka 2012. Diski yako ikiwa imelala, Bluetooth inapumua. Ikianza kunakili video, kidude kilicho sentimita mbili kutoka hapo hakisikii tena simu.

Bluetooth ya kawaida hujikinga kwa kuruka kutoka chaneli moja hadi nyingine mara 1600 kwa sekunde, ndani ya chaneli 79, na ikiona chaneli chafu huiepuka. Kelele ya USB 3.0 imetanda sehemu kubwa ya bendi, pa kukimbilia panakuwa padogo. Nunua kebo fupi ya USB ya kurefushia, chomeka kidude kwenye kebo hiyo, ukilete mbele ya meza mbali na diski. Kebo yenyewe bei yake ni ndogo. Kama kompyuta ina matundu meusi ya USB 2.0 mbele, tumia hayo.

Na kama Wi-Fi yako ya studio yaweza 5 GHz, hamishia kompyuta huko, uiachie Bluetooth nafasi.

Lakini nataka nikuambie neno jingine kwa moyo safi. Video za harusi usizitume kwa Bluetooth. Kasi inayopatikana kwa kweli ni kama megabiti 2 kwa sekunde, na video ya GB 1 itachukua zaidi ya saa nzima hata kama hakuna kelele yoyote. Usidanganyike na simu iliyoandikwa Bluetooth 5. Ile kasi iliyoongezwa mwaka 2016 ni ya upande wa Bluetooth ya nishati ndogo, saa za mkononi na mfano wake, na utumaji wa faili wa kawaida haukuguswa. Tumia kebo, au Quick Share ya Google ambayo ina programu ya Windows. Hiyo hutumia Bluetooth kutafutana tu, faili yenyewe ikapita kwenye Wi-Fi, na haili bando maana vifaa vinazungumza vyenyewe.

Mlikoni

Nimesogeza diski nikaiweka tundu la upande wa pili huku nikingoja kununua kebo. Picha zote za mteja zimepita bila kukatika. Shukran fundi. Video nitafuata ushauri wako.

FundiMwembeTayari

Karibu. Niongeze jambo kwa mafundi wenzangu, na nalisema kwa sababu linaumiza wateja. Mtu analeta laptopu, Bluetooth yaiona simu ikiwa imewekwa juu ya kibodi tu, ukisogea hatua mbili imepotea. Wi-Fi nayo ni dhaifu. Huyo muulize kama laptopu ilifunguliwa hivi karibuni, kubadilishiwa kioo, feni au bawaba. Kadi ile ina nyaya mbili nyembamba za antena, kwa kawaida nyeusi na nyeupe, zenye vichwa vidogo vya duara vinavyobonyezwa. Ukifungua mashine ukasahau kurudisha kimoja, Bluetooth yaweza kubaki na masafa ya shubiri moja. Draiva haitatibu hilo hata uiweke mara ngapi. Funga mashine ya mtu kama ulivyoikuta, na kabla hujamkabidhi ijaribu ukiwa mbali na meza. Bluetooth nzima ya laptopu yapaswa kufika kama mita 10 mahali pa wazi.

Nasema mahali pa wazi kwa kuwa kuta za matumbawe za nyumba za Mji wa Kale ni nene, na mwili wa mtu pia humeza mawimbi haya. Simu iliyo mfuko wa nyuma na laptopu iliyo chumba cha pili ni kuitafutia lawama bure.

UmmiBamburi

Jamani na sisi wa iPhone? Naitafuta njia ya kutuma picha kwa laptopu ya Windows, kitufe cha Bluetooth sikioni popote kwenye kushiriki.

SaibaMajengo

Mama, hutakiona, hakipo. iPhone haina ile huduma ya kurushiana faili kwa Bluetooth ambayo Android na Windows zinayo. AirDrop, ile njia ya Apple ya kurushiana faili, haifiki kwenye Windows. Kwa picha tumia kebo, ufungue simu kioo chake na ukubali kuiamini kompyuta, itaonekana kama kamera. Kinachowezekana kwa Bluetooth kati ya iPhone na Windows ni kugawana intaneti, na kupokea simu na ujumbe kupitia programu ya Phone Link. Mteja wangu wa iPhone akija huwa namwambia mapema, asipoteze muda.

UmmiBamburi

Ahsante mwanangu. Na usalama je? Nasikia ukiwasha Bluetooth kwenye feri watu wanakuibia.

SaibaMajengo

Kuwasha peke yake si kufungua mlango. Hatari iko kwenye simu ambayo haijasasishwa kwa miaka. Mwaka 2017 uligunduliwa udhaifu ulioitwa BlueBorne, uliowezesha mshambuliaji aliye karibu kuingia bila hata kuoanishwa, kwenye Android, Windows na Linux. Marekebisho yalitolewa, lakini simu kuukuu isiyopata masasisho haikuyapata. Kwa hivyo sasisha, ukimaliza kutuma zima, na ombi la kuoanishwa kutoka kwa jina usilolijua likatae.

Ila kwa kweli mimi naogopa zaidi tunachofanya sisi wenye saiba. Mteja anatuma kitambulisho chake, cheti cha mtoto, taarifa ya benki. Tunaprinti, anaondoka, faili inabaki kwenye folda miezi na miezi, na anayekaa baadaye kwenye mashine ile anaiona. Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata isingekuwepo, ile ni amana ya mtu. Mpangilio wangu ni kwamba faili zote za Bluetooth zaingia folda moja, na mteja akishalipa tunafuta mbele ya macho yake, tunamwaga na pipa la taka, kisha tunaiondoa simu yake kwenye orodha. Nawaomba wenzangu wa Kisauni, Changamwe na kote tulifanye hili. Na wewe mama ukienda saiba yoyote, usione haya kusema "nifutie nione."

MwanafunziTudor

Kaka zangu, yangu ni laptopu yenye Windows na Ubuntu (aina ya Linux) pamoja. Nikioanisha simu kwenye Ubuntu yakubali. Nikiwasha Windows yakataa, naoanisha upya. Nikirudi Ubuntu, imekataa huko tena. Na kuna wakati Ubuntu yasema Bluetooth imezimwa nami sikuizima.

FundiMwembeTayari

Hili ni lilelile la funguo alilolieleza mwenye uzi, ila limejificha. Kadi yako ina anwani moja, yaani namba yake ya utambulisho, na simu huitambua kwa anwani hiyo. Windows na Ubuntu kila mmoja ametengeneza ufunguo wake. Simu huhifadhi ufunguo mmoja tu kwa anwani moja, ule wa mwisho. Kwa hivyo kila ukioanisha huku, unavunja kule.

Dawa ni mifumo yote miwili itumie ufunguo mmoja. Oanisha Ubuntu kwanza. Kisha ingia Windows uoanishe, sasa simu ina ufunguo wa Windows. Ufunguo huo umo kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows, chini ya SYSTEM\CurrentControlSet\Services\BTHPORT\Parameters\Keys, lakini hata msimamizi wa kawaida hauoni, lazima ufungue rejista kwa mamlaka ya mfumo wenyewe. Unakili. Rudi Ubuntu, ingia /var/lib/bluetooth, fungua folda yenye anwani ya kadi, ndani yake folda yenye anwani ya simu, na kwenye faili ya info, sehemu ya LinkKey, uweke ule wa Windows kwa herufi kubwa bila mikato wala nafasi. Weka nakala ya faili ya zamani pembeni kabla hujabadilisha.

Baada ya hapo, fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike sudo systemctl restart bluetooth ili Bluetooth ianze upya.

Hilo la kuzimika, andika hapohapo rfkill list. Ukiona Bluetooth imefungwa kwa programu, rfkill unblock bluetooth itaifungua. Ikiwa imefungwa kwa swichi, tafuta kitufe cha kibodi. Na kupokea faili Ubuntu, acha ukurasa wa Bluetooth kwenye mipangilio wazi. Faili zitaingia folda ya Downloads.

MwanafunziTudor

Rejista ilinikatalia mwanzo, nikaifungua kwa mamlaka ya mfumo kama ulivyosema. Sasa naingia Windows, naingia Ubuntu, simu haiulizi tena kote kuwili. Kitu kimoja: kwenye Ubuntu kila faili yaniomba ruhusa upya.

FundiMwembeTayari

Kwenye terminali fungua bluetoothctl, andika devices upate anwani ya simu, kisha trust na anwani hiyo. Mara moja yatosha.